Kwa nini sheria za kugawa IP zisiwe moja dunia nzima?

Swichi_Kavu: Wakuu habari zenu. Nauza intaneti huku Mwanza, wateja wameongezeka na IPv4 (zile anwani za zamani za kuunganisha vifaa mtandaoni) zimeniishia. Afrinic, wanaogawa anwani kanda ya Afrika, tangu Januari 2020 ombi moja mwisho ni anwani 1024, nikasema basi nikanunue kwa mtu wa Ulaya nizihamishie huku, kumbe Afrika haimo, kanda zingine zote nne wanahamishiana ila sisi hapana. Sasa si bora iwe sheria moja tu?

MzeeRauta: Mkuu sheria ya dunia ipo, ila inagusa IANA (ghala kuu la anwani duniani) kuzipa kanda tu, na lazima kanda zote tano zipitishe maneno yaleyale ndo iende bodi ya ICANN, shirika linalosimamia majina na anwani za intaneti duniani. Na ilitubeba! Tarehe 3 Februari 2011 fungu la mwisho la IPv4 la IANA liligawanywa sawasawa, kila kanda anwani kama milioni 16.7, Afrika sawa na Marekani. Ingekuwa foleni moja ya dunia nzima, wenye pesa na mahitaji makubwa wangezikomba siku zilezile, maana Marekani ziliwaishia Septemba 2015, Ulaya Novemba 2019, na sisi bado tunagawa.

dada_paketi: Nakubali ila tuseme na ubaya wake. Afrinic ni kampuni iliyosajiliwa Mauritius, kesi zikaanza, bodi ikakosa akidi, Septemba 2023 mahakama ikaweka msimamizi, bodi mpya imekuja kupatikana Septemba 2025. Bara zima lilikuwa linasubiri mahakama za kisiwa kimoja, hilo linaniuma sana.

MzeeRauta: Kweli dada, linauma. Ila dawa ni kuimarisha kanda, tusiwape wengine funguo. Na hiyo ya kuhamisha, wengi wanaogopa zitatoka nyingi kuliko zitakazoingia, na ukisema ziingie tu zisitoke, ARIN, wenye kanda ya Marekani, hawakubali, wao wanataka iwe pande zote mbili. @Swichi_Kavu ingia kwenye orodha ya barua pepe ya sera ya Afrinic, ni bure na si lazima uwe mwanachama, hawapigi kura kule, wanatafuta maafikiano, kwa hiyo hoja ya mtu anayeuza intaneti Mwanza ina uzito. Huku ukiomba IPv6 yako, zile anwani za kizazi kipya.

Swichi_Kavu: Asante sana wakuu, hiyo ya milioni 16.7 sikuwa naijua kabisa. Nishajiunga kwenye orodha, IPv6 naanza na mnara wa Igoma wikiendi hii.