Jaminoma ya pinea imeyeyuka kwa kemo: tupige mionzi ventrikali zote au pale ilipokuwa tu?

Muuliza swali

Wakuu, naomba msaada kwenye plani ya kijana wa miaka 14. Biopsi (kipande kilichokatwa kupimwa) imethibitisha jaminoma, saratani ya seli za uzazi, kwenye tezi ya pinea katikati ya ubongo. MRI ya uti wa mgongo ni safi, maji ya mgongo hayana seli za saratani, alama za uvimbe: AFP ni ya kawaida, beta-HCG 18. Amemaliza kozi 4 za kemo na sasa MRI haionyeshi kitu. Je, tukipiga sehemu ya uvimbe peke yake hatutamnusuru kumbukumbu na uwezo wa kusoma?

Daktari wa mionzi

Mkuu, usifanye hivyo. Njia hiyo ilishajaribiwa kwenye utafiti wa Ulaya wa SIOP CNS GCT 96. Waliopewa kemo kisha mionzi ya sehemu ya uvimbe tu, ugonjwa uliporudi ulirudi zaidi ndani ya ventrikali (vyumba vya maji ndani ya ubongo), nje ya eneo lililopigwa. Seli za jaminoma hutambaa kwenye utando wa ndani wa ventrikali, na MRI haizioni zikiwa chache. Picha safi haimaanishi utando ni safi.

Kwa hiyo piga ventrikali zote Gy 24 (Gy ni grei, kipimo cha dozi ya mionzi), yaani Gy 1.6 mara 15, siku tano kwa wiki. Kwenye utafiti uliofuata, SIOP CNS GCT II, waliosafika kabisa baada ya kemo waliishia hapo. Waliobaki na mabaki waliongezewa Gy 16 kwenye uvimbe, mara 10, jumla Gy 40. Wamarekani (utafiti wa ACNS1123) walishuka hadi Gy 18 kwa ventrikali na Gy 12 za nyongeza kwa walioitikia kemo vizuri. Chagueni itifaki moja muifuate mwanzo hadi mwisho. Msichukue Gy 18 za Wamarekani mkaacha nyongeza kama walivyofanya Ulaya.

Kuacha mionzi kabisa pia hakufai: kwa kemo peke yake, karibu nusu ya wagonjwa ugonjwa huwarudia.

Beta-HCG ya 18 haibadilishi jina la ugonjwa, kwani SIOP inakubali hadi 50 kwa jaminoma. Ingekuwa AFP imepanda kupita 25, hilo lingekuwa gonjwa lingine, na uvimbe ungehitaji Gy 54.

Muuliza swali

Nimeelewa, asante sana daktari. Nilisahau kusema: alipofanyiwa biopsi, madaktari wa upasuaji walitoboa pia sakafu ya ventrikali ya tatu ili maji yapite.

Mwanafizikia wa tiba

Hilo ni kubwa, heri umelisema. Tundu hilo linamwaga maji mbele ya ponsi (sehemu ya shina la ubongo), kwa hiyo nafasi ile ya mbele ya ponsi lazima iingie kwenye eneo la kupigwa. Ni kosa rahisi kwa sababu kwenye CT pale hapana cha kukushtua.

Mlaze chali na barakoa ya plastiki, CT ya vipande vya milimita 1 au 2, kisha uioanishe na MRI mbili. Ya kabla ya kemo inaonyesha uvimbe ulikogusa. Ya sasa ndiyo ya kuchorea ventrikali, maana maji yakishapita ventrikali husinyaa na umbo la zamani litakudanganya. Chora kwenye T2, aina ya picha ya MRI ambamo maji yanang'aa. Pembe za chini za ventrikali, zinazoingia sehemu ya ubongo ya upande wa sikio (temporali), ndizo zinazosahaulika mara nyingi: zikisinyaa hubaki kama mkunjo mwembamba wa uzi. Zifuate kipande kwa kipande hadi ncha. Usikose vifuko vya ventrikali ya tatu juu ya tezi ya pituitari na nyuma penye pinea, na ya nne hadi matundu yake ya chini.

Ongeza milimita 5 bila kuvuka mfupa, kisha 3 hadi 5 za kosa la kulaza, kulingana na barakoa yenu na picha za kila siku. Angalia pia dozi ya koklea (sikio la ndani). Kama kemo ilikuwa na kaboplatini, masikio yameshaguswa, pima usikivu kabla ya kuanza.

Muuguzi wa saratani

Nyongeza kwa upande wa wodi. Akikojoa maji mengi na kiu haiishi, pima sodiamu na mwulizieni daktari wa homoni kuhusu desmopresini, dawa ya kupunguza mkojo. Homoni ya kotisoli ikiwa chini, itangulie kurudishwa kabla ya thairoksini (homoni ya tezi ya shingo), la sivyo mtamwangusha.

Kichefuchefu cha mionzi huja, mpeni ondansetroni kama nusu saa kabla. Lakini akiamka na kichwa kinauma, anatapika, na macho hayapandi juu, msiseme ni mionzi. Tundu laweza kuwa limeziba. CT siku hiyo hiyo, na wa upasuaji wapigiwe simu kabla ya kumpandisha meza ya mionzi.