Jibini laini na mvinyo mweupe wa Kiitaliano: ipi na upi?

Mzabibu_Dom: Wakuu, Jumamosi nina wageni sita hapa Area C. Mvinyo nimeshanunua: Soave na Prosecco. Jibini ni mozzarella ya dukani, na ricotta naitengeneza nyumbani. Ipi niiweke na upi? Na kwa joto hili la Dodoma, nipoze vipi?

Chujio: Soave kwa mozzarella. Zabibu yake kuu, Garganega, ina uchachu wa kukata mafuta bila kufunika ladha ya maziwa. Prosecco kwa ricotta, ila soma lebo kwanza: Brut ndiyo kavu, yaani isiyo tamu. Extra Dry, pamoja na jina lake ("kavu zaidi"), ina sukari gramu 12 hadi 17 kwa lita. Hiyo na ricotta yenye chumvi na pilipili manga haziivi.

Kupoza: ndoo, barafu nusu, maji nusu, chumvi kiganja kimoja, dakika 20. Barafu tupu inachelewa kwa sababu haigusi chupa yote. Mimina theluthi ya glasi tu, chupa irudi ndooni. Mozzarella ni kinyume chake: itoe kwenye friji dakika 15 kabla, ikiwa baridi sana inakuwa kama mpira.

Mama Ricotta: Maziwa mabichi lita 2, yafike nyuzi 85. Kama huna kipimajoto, ni pale mvuke unapopanda na vipovu vinaanza pembeni, kabla hayajachemka. Zima moto, tia maji ya limau vijiko 4 vya chakula, koroga mara tatu, basi! Ukiendelea kukoroga mabonge yanasagika. Acha dakika 10, chuja kwa kitambaa dakika 20. Maziwa ya boksi ya UHT achana nayo, mgando wake ni unga unaopenya kitambaa. Na usizidishe limau: ricotta ikiwa chachu, mvinyo unaonekana maji.

(Wajuzi watasema ricotta halisi hutokana na maji yanayobaki baada ya kutoa jibini. Ni kweli, lakini hii inaliwa.)

Hombolo77: Soave ikiisha, tafuta nyeupe kavu ya hapahapa ya Chenin Blanc, uchachu inao. Nyekundu ya Makutupora iache kwa nyama choma. Tanini yake (ule ukakasi wa mvinyo mwekundu) na jibini bichi inaacha ladha ya chuma mdomoni.

Mzabibu_Dom: Nimeangalia chupa. Extra Dry.

Chujio: Basi ricotta usiitie chumvi. Imwagie asali ya Manyoni, uilete mwishoni.