MJADALA: Makanisa yanayokufa vitongojini Marekani, yafungwe, yafufuliwe au wapewe wageni?

Wakuu, naomba tulijadili hili maana wengi wetu tuna ndugu wanaosali huko. Kuna mdau kasema kanisa la kitongojini likishabaki na wazee thelathini lifungwe tu, hela ziende kuanzisha makanisa mapya. Mi napinga, ila pia siungi mkono wanaotaka lirudi kuwa kama zamani.

Tuelewe kwanza yalijengwaje. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia watu wenye magari walihama mijini, nyumba zikajengwa kwa maelfu huko pembeni, na kila dhehebu likakimbilia kununua kiwanja likaweka kanisa, paking kubwa na madarasa ya watoto, kwa sababu zilikuwa ni familia changa tupu. Watoto wale wamekua wameondoka, wazazi wamezeeka, paa linavuja, sadaka yote inaishia kwenye bima na bili ya kupasha joto jengo. Halafu nchi nzima imebadilika: kwa takwimu za Gallup, kampuni ya kura za maoni ya huko, watu wazima walio waumini wa kanisa, sinagogi au msikiti walikuwa asilimia 70 mwaka 1999, ikafika 2020 wakawa 47. Kwa hiyo tusimbebeshe mchungaji mmoja mzigo wote.

Dawa wanayoandikiwa kila siku ni bendi, taa, skrini na mhubiri kijana. Willow Creek, kanisa kubwa kule nje ya Chicago, ndio waliowafundisha wengi staili hiyo tangu 1975, na 2007 wao wenyewe wakatoa utafiti wao unaoonyesha kwamba mtu kushiriki programu nyingi za kanisa si lazima akue kiroho. Sasa watu arobaini wataiga hayo kwa hela ipi, na ili wapate nini?

Mfano ninaourudia kila mara ni kanisa la Crystal Cathedral, Garden Grove, California. Mchungaji wake Robert Schuller alianza 1955 kwenye kiwanja cha sinema, anahubiri juu ya paa la kibanda cha vitafunwa, watu wanasikiliza wakiwa ndani ya magari. 1980 likafunguliwa lile jengo la vioo. 2010 wakafilisika, Jimbo Katoliki la Orange likalinunua kwa dola milioni 57.5, na leo misa zinasomwa kwa Kiingereza, Kihispania na Kivietinamu. Yaani Wakristo hawakuisha pale! Walikuwepo mtaani, ila sio wale waliokuwa wakisubiriwa.

Na hapa ndo roho yangu inauma. Makanisa mengi ya wahamiaji huko, yakiwemo ya Wakongo wanaoabudu kwa Kiswahili, yanapanga kwenye majengo hayohayo. Ibada inaanza saa nane mchana wenyeji wakishaondoka, kabati la jikoni lina kufuli, ukitaka kusogeza meza ya Bwana uombe ruhusa kwa barua, na mwenye nyumba wako analalamika kwenye kikao chake kwamba kanisa limekosa vijana wakati vijana wako koridoni wanasubiri mlango ufunguliwe. Kufufua kanisa kungeanzia hapo: wageni waingie kwenye baraza la wazee, wapige kura, majina yao yaingie kwenye hati.

Mdau mwingine kasema lugha na ibada havilingani, mmoja anamaliza kwa saa moja mwingine masaa matatu. Ni kweli, basi ibada zibaki mbili, ila bajeti iwe moja na shule ya Jumapili iwe moja, watoto wote si wanaongea Kiingereza? Na kama mtaa hauna wageni, ardhi ipo. California 2023 ilipitisha sheria, SB 4, inayorahisisha makanisa kujenga nyumba za watu wa kipato cha chini kwenye viwanja vyao. Kuna anayeita hiyo biashara, mi naiita huduma.

Kufunga nakubali kuna mahali hakukwepeki, lakini amueni wakati bado kuna akiba ya kutengeneza paa, muwakabidhi wenzenu jengo zima. Wengi wanangoja mpaka senti ya mwisho iishe ndipo jengo linaenda kwa dalali.

Mnaosali huko semeni: mna sauti kwenye baraza au mnalipa kodi tu? Na wewe uliyesema yafungwe, hati ya kiwanja unataka apewe nani?