MC kashika kengele yetu kwa mkono, na wote mnamjua!

Wakuu, nimeingia nyumbani sasa hivi, hata viatu sijavua, mikono inatetemeka. Jina simtaji. Aliyewahi kuchangia harusi Mwanza hii, kuanzia Igoma hadi Nyegezi, anamjua: suti inayong'aa kama bati jipya, na kipaza sauti hakimtoki mdomoni hata akipiga mswaki.

Leo kikundi chetu cha violini kimetimiza miaka 10. Tulifunga tamasha na Cantus ya mtunzi Arvo Pärt wa Estonia, muziki alioandika 1977 kumlilia mtunzi mwenzake, Mwingereza Benjamin Britten. Violini zinashuka ngazi ya La maina, ile ya huzuni, kila sauti ikienda polepole mara mbili kuliko iliyo juu yake, mpaka besi inatambaa kama mtumbwi uliojaa mchanga. Mwishoni nyuzi zote zinanyamaza kwa mpigo, kengele inabaki inalia peke yake, na ndani ya ule mwangwi ghafla unasikia meja, ile ngazi ya furaha. Dakika nzima za huzuni, halafu mwanga kidogo. Tumefanya mazoezi miezi minne kwa ajili ya hapo tu!

Kengele ya kununua tungeitoa wapi? Fundi wa kuchomelea Nyakato alikata bomba la chuma siku tatu, kipande kwa kipande, mwenzetu akiligonga na kulipima kwa simu hadi likatoa La safi. Tukalitundika kwa kamba ya nyavu ya sangara.

Basi. Nyuzi zimenyamaza. Pinde ziko juu. Bomba linalia, ukumbi kimya, hata watoto wametulia. Yule mtu akapanda jukwaani: "HAYA HAYA HAYAAA! MWANZA MPOOO?" Na akaegemea bomba. Akalishika kwa kiganja kama konda aliyeshika bomba la daladala! Sauti ikafa pale pale.

ALILISHIKA, wakuu. Angepiga kelele tu ningemsamehe kesho kutwa. Alilishika! Tena akaliachia, akalishika tena!

Mzee_wa_Kamanga: Pole mkuu. Ila bomba la maji kumliza mtu mzima hivi 😂😂

Dada_Buzuruga: Wewe unalilia bomba? Huyo huyo kwenye send-off ya mdogo wangu alimwita bwana harusi kwa jina la yule mchumba aliyeachwa. Mama mkwe alinyanyuka na mkoba wake.

Ng'wana_Magu: Mmeanza. Sisi tumeshamlipa nusu, harusi Desemba.

Mleta uzi: Si bomba la maji, ni KENGELE! Na alilishika!

Mzee_wa_Kamanga: Kengele ya shule yetu ilikuwa ringi ya lori, mwalimu wa zamu aliishika kila siku na tulifaulu.

Kaka_Kishiri: Ukumbi wenyewe si ule wa kando ya barabara? Mwezi uliopita nimechanga elfu 50 nikapewa mkia wa sato. Mkia! Kichwa alikula nani?

Dada_Buzuruga: Shukuru. Meza yetu tuliletewa sangara, mchuzi unaona sahani chini.

Mleta uzi: Wadau, hoja ni kengele…

Kaka_Kishiri: Sangara si samaki wa shughuli. Mgeni huyo, aliletwa ziwani miaka ya 1950. Sato ndiye wetu.

Mvuvi_Mstaafu: Acha uongo kijana. Sato huyo unayemgombania naye aliletwa miaka hiyo hiyo. Samaki wetu wa asili ni ngege.

Ng'wana_Magu: Ngege! Wabeja mzee, umenikumbusha bibi. Alikuwa akimpika na nyanya tu, ugali wa muhogo pembeni.

Dada_Buzuruga: Nyanya tu bila limao? Samaki gani huyo?

Mvuvi_Mstaafu: Limao la nini? Ngege anatoka majini, anaingia chunguni.