Mamangu kapimwa sukari mara moja ikasoma 12.4, hii yatosha kuambiwa ni mgonjwa?

Binti wa Likoni
Jamani salam. Mie nasomea unesi mwaka wa kwanza. Jumamosi mamangu kapita kwenye kambi ya kupima bure akitoka kuuza kaimati zake, wakamdunga kidole mashine ikasoma 12.4, hapo hapo akaambiwa una sukari na kongosho yako imekufa. Tangu siku hiyo hali chakula, analia tu, chai anakunywa ya mkandaa. Ana miaka 52, hajakonda, hana kiu, usiku aamka mara moja tu kama siku zote. Nyumbani wote waniangalia mie nesi niseme, na hata hayo ya kongosho hatujafika darasani. Nisaidieni.

Nesi Kisauni
Pole mwanangu. Kwanza mpe mama chakula. Sukari ya wakati wowote ikifika 11.1 NA mtu ana dalili kama kiu, mikojo mingi, kukonda, hapo twasema ni kisukari. Kama hana dalili kipimo kimoja hakitoshi, lazima kirudiwe siku nyengine, tena damu ya mshipa ipelekwe maabara. Kabla ya kipimo hicho akae saa 8 bila kula, maji ruhusa. Ikiwa 7.0 kwenda juu ni sukari, 6.1 mpaka 6.9 yuko njiani. Sasa nikuulize, alinawa mikono kabla ya kudungwa?

Binti wa Likoni
Hakunawa, walimpangusa na pamba ya spiriti tu. Na alikuwa ametoka kuchovya kaimati kwenye shira!!

Nesi Kisauni
Basi hio shira yaweza kuwa ndio iliyopimwa. Sukari ya kidoleni yachanganyika na tone la damu na spiriti haiitoi vizuri, ni maji na sabuni halafu ukauke. Hili nalirudia kila siku kliniki na bado watu wapimwa na vidole vya embe. Na aliyesema kongosho imekufa amemtisha mama bure, mashine ya kidole haijui habari za kongosho. Kongosho yatoa maji ya kusagia chakula, na ndani yake mna vile visiwa vya Langerhans, seli za beta zatoa insulini ya kushusha sukari, za alfa zatoa glukagoni ya kuipandisha. Kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili yenyewe ndio huziua beta. Ya pili, ambayo ndio huwapata wengi wa umri wa mamako, insulini ipo ila mwili hauisikii, kongosho yafanya kazi kupita kiasi mpaka yachoka polepole, miaka.

Ami Majengo
Mwambie pia afanye kile kipimo cha damu cha HbA1c, chaonyesha wastani wa sukari ya miezi 2 hadi 3 nyuma, 6.5% kwenda juu ndio kisukari. Lakini kama kwenu kuna siko seli sema mapema, shangazi yangu anayo na majibu yake yalikuja mazuri ya uongo, kwa sababu chembe zake za damu hazikai siku 120 kama za wengine.

Binti wa Likoni
Siko seli hatuna alhamdulillahi. Nimerudi na majibu, tumeenda Jumanne asubuhi hajala, 6.4, na HbA1c 6.1%.

Nesi Kisauni
Hajawa mgonjwa, ila yuko njiani kweli, usimfiche. Mrudishe anyweshwe glukosi ya gramu 75, apimwe baada ya saa 2 tuone kongosho yajibu vipi. Na kaimati auze, asizionje kila karai.

Binti wa Likoni
Amekula wali leo. Kidogo, na mchicha mwingi.