Mwenye nyumba wa Guangzhou hataki kutoa hati za kumwandikisha mdogo wangu polisi

Yaya wa Kampemba

Salamu kwenu nyote. Mdogo wangu anasoma chuo kikuu mjini Guangzhou, nchini China, na tangu afike huko anaishi katika bweni la chuo. Sasa amepata chumba cha kupanga nje, kwa bei ambayo sisi jamaa zake wa Lubumbashi tunaweza kuimudu. Mwenye nyumba amekubali kumpangisha, lakini amesema wazi kwamba hatatoa nakala ya kitambulisho chake wala ya hati ya nyumba, na kwamba hataki kusikia habari za polisi. Anadai dhamana ya miezi miwili pamoja na kodi ya mwezi wa kwanza, zilipwe wiki hii. Wanafunzi wenzake wanamshauri aiache anwani ya bweni ibaki kwenye karatasi zake. Mimi ndiye nitakayetuma pesa hizo, na moyo wangu haujatulia. Naomba anayeijua sheria ya huko anieleze kama jukumu la kuandikisha makao ni la mpangaji au la mwenye nyumba, na kijana atapatwa na nini asipoandikishwa.

Mfanyabiashara wa Kamalondo

Yaya, usitume pesa hizo kwanza. Sheria ya China ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013, inaeleza katika kifungu cha 39 kwamba mgeni anayelala hotelini huandikishwa na hoteli yenyewe, lakini akikaa mahali pengine, basi yeye mwenyewe au yule aliyempokea anapaswa kuandikisha makao hayo kwa polisi katika muda wa saa 24 tangu ahamie. Kwa hiyo mdogo wako ana haki ya kwenda peke yake. Asipofanya hivyo, kifungu cha 76 kinaruhusu apewe onyo, na juu ya onyo anaweza kutozwa faini isiyozidi yuani 2,000.

Ugumu uko kwenye karatasi. Kituo cha polisi cha mtaa huomba pasipoti, ukurasa wa viza na wa muhuri wa kuingia, mkataba wa kupanga, na kwa kawaida pia nakala ya kitambulisho cha mwenye nyumba na ya hati inayothibitisha kwamba nyumba ni yake. Bila hizo mbili za mwisho ofisa anaweza kumrudisha, hata kama amefika mapema.

Nimewahi kupanga vyumba huko kwa ajili ya biashara, na nimeona kwamba baadhi ya wenye nyumba hukataa kwa sababu hawataki mapato yao ya kodi yajulikane na ofisi ya ushuru. Huyo bado mnaweza kuelewana naye. Ninayemwogopa zaidi ni yule anayekataa kwa sababu nyumba si yake: naye ni mpangaji, anapangisha tena bila ruhusa, na hati ya kuonyesha hana. Mwenye nyumba halisi akitokea, kijana atatolewa nje na dhamana yenu itakuwa imekwenda. Huku kwetu tumezoea kulipa dhamana kwa neno tu la komisionere, yaani dalali wa nyumba, bila kuomba kuona hati ya kiwanja, na mazoea hayo tusiyapeleke ugenini.

Aliyesoma Wuhan

Naomba niongeze juu ya ule ushauri wa kuacha anwani ya bweni, kwa sababu unaumiza vijana wetu wengi. Kibali cha kuishi cha mwanafunzi kina mwisho wake, na sheria inataka maombi ya kukiongeza yapelekwe siku 30 kabla ya muda kwisha. Wakati huo ofisi ya uhamiaji huomba karatasi ya makao iliyotolewa na polisi, na kijana ambaye karatasi yake inataja bweni alilokwisha kuliacha atakuwa ametoa habari zisizo za kweli mbele ya ofisi ileile anayoiomba kibali. Tena katika mitaa yenye wageni wengi, kama Xiaobei huko Guangzhou, polisi hukagua, na anayekutwa hatakuwa na la kujitetea.

Kabla ya yote, aende kwenye ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chake. Vyuo vingi hutaka mwanafunzi aombe ruhusa kabla ya kuhamia nje, na mfanyakazi wa ofisi hiyo anaweza kuzungumza na mwenye nyumba kwa Kichina na kumweleza kwamba kuandikisha mpangaji mgeni ni jambo la kawaida. Wengine hukataa kwa hofu tu, na wakielezwa vizuri na mtu wa kwao hulegea.

Yaya wa Kampemba

Nawashukuru sana. Je, kama itabidi atoke bwenini kabla ya kupata chumba kingine, anaweza kukaa siku chache kwa rafiki yake?

Mfanyabiashara wa Kamalondo

Anaweza, ila zile saa 24 zinahesabiwa hata kwa rafiki, kwa hiyo rafiki huyo naye awe tayari kutoa karatasi zake. Akishindwa, ni afadhali hoteli, maana hoteli humwandikisha inapompokea. Ushauri wangu ni abaki bwenini mpaka apate mwenye nyumba anayekubali, na mkataba useme kwamba dhamana itarudishwa yote polisi wakikataa kumwandikisha kwa sababu ya hati za nyumba. Na wewe Yaya, siku ya kutuma pesa, hakikisha kwamba jina lililo kwenye hati ya nyumba, lililo kwenye kitambulisho na lile la akaunti inayopokea ni moja. Yakitofautiana, mwenye akaunti alete kwanza barua ya mwenye nyumba inayompa mamlaka ya kupangisha.