Tairi zipi zinafaa kwa safari za Arusha hadi Serengeti?

Swali: Ndugu zangu, Land Cruiser ninayopelekea watalii hupita kwenye lami hadi lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro, kisha huingia kwenye changarawe, vumbi na mawe mpaka Seronera, katikati ya Serengeti. Je, nifunge tairi za matope zenye kashata kubwa (vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara), au zile za mchanganyiko, za lami na njia mbovu?

Jibu la kwanza: Ndugu, chukua za mchanganyiko. Kashata kubwa zenye nafasi pana hutema tope zinapozunguka, jambo linalosaidia sana kwenye udongo mweusi wa Ndutu wakati wa masika, lakini kwenye lami iliyolowa mpira unaogusa barabara huwa mchache, hivyo gari huchelewa kusimama, na mteremko wa Mto wa Mbu hauna huruma kwa breki za namna hiyo. Zaidi ya hayo hunguruma, hula mafuta na huisha mapema.

Jibu la pili: Naunga mkono, ila upepo nao una uzito wake. Kwenye mchanga laini ukishusha hadi psi 20 hivi (psi ni kipimo cha upepo wa tairi), tairi hutanuka na kuelea juu ya mchanga badala ya kuuchimba; lakini jaza tena kabla ya kurudi kwenye lami, kwa sababu tairi laini likikimbizwa hupata joto hadi kupasuka.

Jibu la tatu: Kagua ubavu pia, kwa kuwa mawe makali huchana hapo, mahali ambapo fundi hawezi kuziba kwa usalama. Hapo ubavuni soma pia tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: 2319 zinamaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu usilinunue, hata kama kashata zake ni nzima.